Mkataba umekwisha, mpangaji hatoki: afanye nini mwenye nyumba wa Mbalibali?

Mkataba uliandikwa kwenye karatasi ya daftari, ukasainiwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, ukataja mwaka mmoja kuanzia Januari 1 hadi Desemba 31. Januari imeingia, Februari ikafuata, na mpangaji bado yumo ndani ya fremu. Akiulizwa anajibu kwa upole kwamba anatafuta pengine. Machi anasema hana pa kwenda. Aprili hapokei simu. Kuanzia vijiji vya kata ya Mbalibali wilayani Serengeti, hadi Mugumu mjini, Tarime, Sirari na Nyamongo, migogoro ya namna hii huanza kimya kimya hivyo, kisha siku moja watu wanaamka na kukuta vyombo viko barabarani, mlango umeng'olewa na polisi wanaandika maelezo.

Na mara nyingi anayeandikiwa maelezo ni mwenye nyumba.

Hilo huwachoma wengi, na ninawaelewa. Nyumba ni yako, tofali ulilifyatua mwenyewe, bati ulinunua kwa fedha ya mahindi, mkataba umekwisha, halafu unaambiwa wewe ndiye mkosaji. Lakini Kanuni ya Adhabu ya Tanzania imeliweka jambo hili wazi tangu enzi za ukoloni: anayeingia kwenye ardhi au jengo kwa nguvu ili alitwae, iwe kwa kupiga watu, kutisha, kuvunja mlango au kukusanya kundi kubwa la watu, anatenda kosa la jinai, hata kama ana haki ya kuingia hapo. Ndiyo, hata kama ana haki. Sheria inalinda amani kwanza, mali inazungumzwa baadaye mbele ya baraza.

Watu wachache wanajua kwamba sheria hiyo hiyo ina upande wa pili. Anayeishikilia ardhi au nyumba bila haki yoyote, dhidi ya mtu anayestahili kuipata kisheria, na akaishikilia kwa namna inayoweza kuvunja amani, naye anatenda kosa. Mpangaji anayesimama mlangoni na panga akisema hatoki mtu asidhani analindwa na neno "mpangaji". Hata hivyo kosa hilo linamhusu anayetishia amani. Yule anayekaa tu kimya ndani na kufunga mlango, polisi watakuambia kesi yake ni ya madai, uende barazani. Watakuwa wamesema kweli.

Makala haya yanafuata njia hiyo ya baraza, hatua kwa hatua, kwa sababu ninaamini mwenye nyumba anayeijua hashindwi. Anayeshindwa ni yule anayeanza na nyundo.

Tuwaangalie kwanza wenye nyumba wenyewe. Katika maeneo haya, mwenye nyumba hana ghorofa wala kampuni ya kukusanya kodi. Ni mjane mwenye vyumba vitatu vya uani. Ni mwalimu mstaafu aliyejenga fremu mbili kando ya barabara kwa kiinua mgongo chake. Ni kijana aliyekwenda Mwanza kutafuta maisha na kumwachia shangazi yake nyumba aikodishe. Kodi hiyo ndiyo ada ya shule na dawa ya presha. Kule Nyamongo, tangu mgodi wa dhahabu wa North Mara ulipoanza uzalishaji mwaka 2002, kupangisha kumekuwa shughuli kubwa, na nyumba zilizojengwa kwa ajili ya familia ziligeuka vyumba vya wageni wanaotafuta kazi. Mwenye nyumba wa aina hiyo akikaa miezi minane bila kupata kodi wala nyumba, familia nzima inayumba. Kwa hiyo anapokasirika, hakasiriki kwa kiburi.

Watu wa makamo wanakumbuka enzi za Sheria ya Udhibiti wa Kodi ya mwaka 1984, iliyoweka mabaraza ya nyumba na kumfanya mpangaji awe mgumu sana kutolewa. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Bado kuna wapangaji wanaoitaja kwa kujiamini, wakisema mwenye nyumba hawezi kuwatoa bila miezi mitatu au sita, na bado kuna wenye nyumba wanaoamini hivyo. Leo nyumba iliyo kwenye kiwanja cha mji, kama Mugumu au Tarime, inaongozwa na Sheria ya Ardhi namba 4 ya mwaka 1999. Iliyo kwenye ardhi ya kijiji, kama ilivyo sehemu kubwa ya Mbalibali, inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya mwaka huo huo. Na migogoro yote miwili inapita kwenye vyombo vilivyotajwa katika Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi namba 2 ya mwaka 2002.

Mkataba umekwisha kweli?

Hapa ndipo kesi nyingi hushindwa kabla hazijafunguliwa. Mkataba wenye tarehe ya mwisho huisha wenyewe tarehe hiyo ikifika. Sheria haidai notisi ya kuumaliza, kwa sababu pande zote mbili zilijua tangu siku ya kusaini kwamba Desemba 31 ni mwisho. Barua ya kukumbusha ni busara na ni ushahidi mzuri, lakini kutoiandika hakumpi mpangaji mwaka mwingine.

Mambo hubadilika pale ambapo tarehe haikutajwa. Mtu ameingia kwa maneno ya mdomo, analipa kila mwezi, hakuna aliyesema hadi lini. Huo ni upangaji wa vipindi, na kipindi chake kinapimwa kwa jinsi kodi inavyolipwa. Anayelipa kwa mwezi anapaswa kupewa notisi isiyopungua mwezi mmoja, nayo iishie siku ambayo kodi ingelipwa. Mkataba wa mdomo si batili. Sheria inakubali upangishaji wa mwaka mmoja au pungufu ufanyike kwa mdomo au kwa maandishi. Tatizo la mdomo ni kwamba siku ya kesi kila mmoja anakuwa na mdomo wake.

Kisha kuna mtego wa kupokea kodi. Mkataba umekwisha Desemba, Januari 5 simu inalia: umepokea fedha kutoka kwa mpangaji. Mwenye nyumba anaona ni heri kuliko kukosa, anakaa kimya. Februari hivyo hivyo, Machi hivyo hivyo. Sheria ya Ardhi haisemi kwamba kupokea fedha mara moja baada ya muda ni kukubali mpangaji abaki. Inasema kwamba anayeendelea kukaa bila ridhaa anabaki na wajibu wake wote wa mkataba, ikiwemo kulipa. Lakini ukiendelea kupokea mwezi baada ya mwezi bila neno, unamjengea mpangaji hoja kwamba umezaliwa upangaji mpya wa mwezi hadi mwezi, nawe utalazimika kuanza upya kwa notisi. Na siku hizi ushahidi haupotei. Ujumbe wa M-Pesa au Airtel Money una tarehe, kiasi na majina, na tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 mahakama zetu zinapokea ushahidi wa namna hiyo.

Kwa hiyo fedha ikija baada ya mkataba kwisha, kuna mambo mawili ya kufanya, nayo yafanyike siku hiyo hiyo: irudishe, au ipokee kwa maandishi yanayosema wazi kwamba ni malipo ya kutumia nyumba baada ya muda, na kwamba mkataba haujafufuliwa. Ujumbe mfupi wa simu unatosha. Usiufute.

Baada ya hapo andika barua. Lugha ya kutisha haihitajiki. Taja nyumba iko wapi, mkataba uliisha lini, umempa siku ngapi za kuhama, na kiasi unachodai. Mpelekee mbele ya mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, asaini nakala. Akikataa kusaini, aliyeshuhudia aandike kwamba amekataa. Nakala hiyo yenye saini ina thamani kuliko vikao kumi vya kulalamika kwa balozi.

Kwenda mahakama ya mwanzo ni kupoteza nauli

Kosa la kawaida ni mtu kukimbilia Mahakama ya Mwanzo kwa sababu ndiyo iliyo karibu, au ofisi ya Mkuu wa Wilaya kwa sababu ndiyo yenye sauti. Sheria ya mwaka 2002 imezizuia mahakama za mahakimu kusikiliza madai yanayotokana na Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Mkuu wa Wilaya anaweza kuwaita mkazungumza, na wakati mwingine sauti yake inasaidia, lakini hana mamlaka ya kumtoa mpangaji ndani ya nyumba. Mtendaji wa kata hana. Sungusungu hawana. Wazee wa mila hawana.

Nikiwataja wazee, siwadharau. Kwa Wakurya wa Tarime na majirani zao wa Serengeti, neno la baraza la wazee, inchama, na la mkutano wa ritongo, bado lina uzito ambao karatasi ya mwanasheria haina. Mpangaji aliye mwana wa ukoo wa jirani anaweza kumdharau mwenye nyumba lakini akaona aibu mbele ya wazee. Ukipata suluhu huko, ishukuru, iandike, wote wasaini. Isipopatikana, usikubali wakuambie kwamba wamekutolea hukumu, kwa maana hakuna dalali atakayetekeleza hukumu hiyo.

Katika kijiji lipo Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao watatu kati yao lazima wawe wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Hulazimiki kupita hapo, ingawa kwa mgogoro wa shamba ni mahali pazuri kwa kuwa wajumbe wanaijua mipaka kwa macho yao. Juu yake lipo Baraza la Kata, na hapa pana mabadiliko ambayo wengi hawajayasikia.

Zamani Baraza la Kata liliweza kuamua mgogoro wa ardhi wenye thamani isiyozidi shilingi milioni 3. Marekebisho ya sheria yaliyopitishwa mwaka 2021 yaliondoa mamlaka hayo. Tangu Oktoba mwaka huo, Baraza la Kata linasuluhisha tu. Wanakaa wajumbe watatu, angalau mmoja mwanamke, wanawasikiliza, wanatafuta maelewano, na wakili haruhusiwi kumwakilisha mtu mbele yao. Mkielewana, mambo yaishe. Msipoelewana, baraza linatoa hati ya kuthibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana. Bila hati hiyo, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halitakusikiliza. Sheria imeweka mlango wa dharura: siku 30 zikipita tangu ulipofungua shauri katani bila usuluhishi kukamilika, unaweza kwenda wilayani hata bila hati.

Zihesabu siku hizo 30. Mpangaji mjanja hupenda sana Baraza la Kata. Leo anaumwa, wiki ijayo amesafiri Musoma, wiki inayofuata anaomba muda awasiliane na ndugu. Tunza karatasi inayoonyesha siku uliyofungua shauri. Siku ya 31 hulazimiki tena kumsubiri.

Baraza la Wilaya

Huko ndiko nguvu iliko. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kama lile la Tarime, linaongozwa na mwenyekiti ambaye ni mwanasheria, akisaidiwa na wazee wa baraza wasiopungua wawili. Linaweza kusikiliza madai ya kurudishiwa nyumba au ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300, kiasi ambacho fremu za Mbalibali haziwezi kukifikia. Unaweza kujisimamia mwenyewe, kuweka wakili, au hata kuwakilishwa na ndugu. Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimekuwa lugha ya mahakama na mabaraza kisheria, hivyo hakuna anayepaswa kuogopa kwa sababu ya Kiingereza.

Omba yote kwa pamoja. Omba baraza litamke kwamba mkataba umekwisha, mpangaji aamriwe kuhama, alipe kodi aliyokuwa anadaiwa kabla ya mkataba kwisha, na alipe fidia ya kuitumia nyumba tangu siku mkataba ulipokwisha hadi siku atakayotoka, pamoja na gharama za kesi. Wengi huomba kutolewa tu, kisha wakishinda wanashangaa kwamba miezi 14 ya kukaa bure haina malipo. Baraza halikupi usichoomba.

Ielezee mali vizuri. Kiwanja chenye namba, andika namba na kitalu. Nyumba ya kijijini isiyo na namba, taja kitongoji, majirani wa kila upande, barabara au mto ulio karibu. Maombi mengi ya ardhi yameishia njiani kwa sababu tu baraza halikuweza kujua ni eneo lipi linalobishaniwa. Na mkataba wenyewe uulipie ushuru wa stempu, ambao kwa upangishaji ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Mkataba usio na stempu unaweza kukataliwa kama ushahidi hadi ushuru na adhabu vilipwe. Ni fedha ndogo inayosubiri kukukwamisha siku mbaya.

Mpangaji atajitetea vipi? Utetezi unaosikika sana ni ule wa kumgeuka mwenye nyumba na kusema nyumba si yake. Ameishi humo miaka sita akimlipa kodi, sasa anadai kiwanja ni cha kijiji, au cha kaka wa mwenye nyumba. Sheria ya Ushahidi haimruhusu. Aliyeingia kwa ruhusa ya mtu kama mpangaji hawezi, akiwa bado ndani, kukana kwamba mtu huyo alikuwa na haki siku ya kumkaribisha. Ukiwa na mkataba, stakabadhi au ujumbe wa malipo, hoja hiyo inakatika.

Utetezi wa pili ni ukarabati: ameweka vigae, amejenga choo, amevuta umeme. Ukarabati haurefushi mkataba isipokuwa mkataba wenyewe umesema hivyo. Unaweza kumpa dai la fedha kama ulikubali afanye kwa makubaliano ya kufidiana, na dai hilo lisikilizwe kwa haki. Nasema hivi kwa sababu wapo wenye nyumba wanaomwachia mpangaji amalizie jengo, plasta na milango, kisha mkataba unapokwisha wanajifanya hawajui. Hilo nalo ni dhuluma, na baraza litaliona.

Hukumu ikitoka, anayeona hakutendewa haki ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu, ambayo kwa mkoa wa Mara ipo Musoma. Kukata rufaa peke yake hakusimamishi utekelezaji. Lazima aombe amri ya kusimamisha. Jambo moja liangalie ukiwa bado barazani: maoni ya wazee wa baraza lazima yatolewe kwa maandishi na yasomwe mbele ya pande zote kabla ya hukumu. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani, katika mashauri yaliyotoka Mbeya, ilifuta mwenendo wa mabaraza yaliyoruka hatua hiyo, na tangu hapo hukumu nyingi nchini zimebatilishwa kwa kasoro hiyo. Mwenye nyumba aliyeshinda anarudishwa mwanzo, na mpangaji yumo ndani bado. Usione haya kumuuliza mwenyekiti kwa heshima kama maoni yatasomwa.

Utekelezaji nao una utaratibu. Unaomba kukazia hukumu, baraza linamwandikia mpangaji atii ndani ya siku 14, asipotii anateuliwa dalali wa baraza. Dalali huyo ndiye mwenye haki ya kutoa vyombo nje, mbele ya viongozi wa mtaa au kitongoji, polisi wakiwepo kulinda usalama. Vyombo vikitolewa na mkono huo, hakuna wa kukushitaki.

Shamba la muhogo

Nyumba zimezungumzwa vya kutosha. Mbalibali na kata jirani, mgogoro unaouma zaidi ni wa shamba. Mtu anakodi ekari mbili kwa mwaka mmoja, anapanda mahindi, anavuna. Mwaka unapokaribia kwisha anapanda muhogo. Muhogo unataka miezi tisa, mwingine mwaka na nusu. Tarehe ya mkataba inafika, shamba limejaa mashina yaliyofika magotini, na mkulima anasema kwa haki yake: nitang'oaje kitu ambacho hakijakomaa? Msimu unaofuata ukifika amepanda tena pembezoni. Miaka mitatu imepita. Mwaka wa tano anapanda miti, na mti, kwa macho ya kijiji, ni alama ya mwenyewe.

Baraza halifurahii kuangamiza chakula kilicho ardhini, na halipaswi kufurahia. Kwa hiyo kinga ya mgogoro huu iko kwenye mkataba: taja zao, taja msimu, kataza mazao yanayozidi muda na kataza kupanda miti, na sema nini kitatokea kwa kilichobaki shambani siku ya mwisho. Kama mambo yameshaharibika, pendekezo linalofaulu mara nyingi kwenye usuluhishi ni kumpa mkulima tarehe moja ya mavuno, kwa maandishi, akubali kwamba hapandi tena. Mwenye shamba apoteze miezi michache, asipoteze shamba. Na asichelewe kudai. Sheria ya Ukomo wa Muda inatoa miaka 12 ya kudai ardhi na miaka 6 ya kudai malimbikizo ya kodi. Kwa mtu aliyeko mbali na nyumbani, miaka hiyo hupita haraka.

Ardhi ya kijiji ina ulinzi mwingine unaofaa kutajwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Mjane anayeambiwa na mpangaji, au na shemeji aliyekula njama na mpangaji, kwamba mwanamke hawezi kudai shamba la marehemu mumewe, aisikie sheria hiyo.

Mjane huyo, hata hivyo, ana hatua moja ya lazima. Mali ya marehemu inadaiwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Watoto wanaofungua kesi dhidi ya mpangaji wa baba yao bila barua za usimamizi hutupiwa kesi yao nje, hata kama wana haki yote. Hili limekuwa maficho ya wapangaji wengi: baba amefariki, familia ina mama wawili au watatu, mpangaji anamlipa mtoto huyu leo na yule kesho, na kila anayemdai anaambiwa "nimeshamlipa kaka yako." Familia ikae, imteue mmoja, iende Mahakama ya Mwanzo kwa ajili ya mirathi. Hiyo kweli ni kazi ya mahakama hiyo. Msimamizi akipatikana, mpangaji amebaki na mtu mmoja wa kumjibu.

Na wanandoa wakumbuke kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja kuipangisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Nyumba iliyopangishwa na mume kwa siri inaweza kumpa shida hata mpangaji aliyelipa kwa nia njema.

Mpangaji naye

Sijaandika haya ili kumkandamiza mpangaji. Wengi wanaokataa kuhama ni watu waliolipa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, wakaambiwa wahame mwezi wa nane kwa sababu amepatikana mwingine wa bei ya juu. Huyo ana haki ya kukaa hadi siku ya mwisho, na mwenye nyumba akimkatia umeme, aking'oa bati au akimzuia kuingia, mpangaji aende katani na wilayani kama mlalamikaji, na aombe zuio la muda. Nyumba ikiuzwa mkataba ukiwa hai, mnunuzi anaipokea pamoja na mpangaji wake hadi muda uishe. Na anayedaiwa kodi kabla ya muda kwisha apewe kwanza notisi ya siku 30 ya kulipa.

Wenye nyumba wa Sirari wasiige ya ng'ambo. Upande wa Isebania, Kenya, duka lililopangishwa bila maandishi, au kwa mkataba usiozidi miaka mitano, kwa kawaida lina ulinzi wa sheria ya mwaka 1965 ya maduka na hoteli. Mwenye nyumba hutoa notisi isiyopungua miezi miwili na mpangaji anaweza kuipinga kwenye baraza maalumu la biashara. Uganda nayo ilipitisha sheria ya wenye nyumba na wapangaji mwaka 2022. Tanzania Bara haina sheria maalumu ya namna hiyo tangu 2005. Kinacholinda pande zote mbili hapa ni kilichoandikwa kwenye mkataba, na mikataba yetu inaandikwa vibaya.

Hapo ndipo ombi langu lilipo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia imekuwa ikizunguka mikoani. Halmashauri ya Wilaya ya Serengeti, na zile mbili za Tarime, zichukue hatua moja isiyo na gharama kubwa: kila ofisi ya kijiji iwe na fomu ya mkataba wa kupangisha nyumba na mkataba wa kukodisha shamba, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, yenye nafasi ya tarehe ya mwisho, zao, kiasi cha kodi na saini ya mashahidi. Na wajumbe wa mabaraza ya kata waelezwe upya kwamba tangu 2021 hawatoi hukumu. Mwenye fremu ambaye mkataba wake unaisha Desemba asisubiri hayo. Barua yake iwe mkononi mwa mpangaji kabla ya Novemba kwisha, na shilingi ya Januari asiipokee bila kuandika ni ya nini.